Tambi za Guangzhou na Daftari la Babu

Nilipopata nafasi ya kwenda Guangzhou kujifunza Kichina kwa mwaka mmoja, baba hakuniuliza lolote kuhusu masomo. Aliuliza tu: "Kule utakula nini, papa?" Nikamjibu kwamba China ni nchi kubwa, chakula hakikosi. Akanyamaza, maana kwake hilo halikuwa jibu. Baba ni mtoto wa Kasongo, kule Maniema, mahali ambapo Uislamu na Kiswahili viliingia pamoja katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip na misafara ya pwani. Amekaa Lubumbashi miaka mingi kuliko aliyokaa kwao, lakini hadi leo hali nyama kama hamjui aliyeichinja. Hata michopo ya barabarani, ambayo nusu ya mji inaila kila jioni, yeye haigusi.

Mimi si kama yeye. Nilisoma shule ya mapadri, na chuo cha Kurani nilikiacha nikiwa na miaka saba, baada ya kuhifadhi sura chache kwa sikio. Herufi zenyewe hazikuingia kichwani. Nasema hili mapema kwa sababu litahitajika mbele.

Mwezi wa kwanza nilijiona mjanja. Nilikuwa nimejifunza neno zhurou, yaani nyama ya nguruwe, na kila nilipoingia kwenye mkahawa nilimuuliza mpishi kama ipo ndani ya chakula. Akisema hapana, nilikula: wali na mboga za majani, maandazi ya mvuke yaliyojazwa kabichi, tambi za mchele. Baba akipiga simu namwambia ninakula vizuri. Kisha mwenzangu wa darasani, msichana kutoka Indonesia, akanikuta nimekaa mbele ya sahani ya mboga zinazong'aa. Akaniuliza: "Umeuliza mafuta?" Sikuwa nimeuliza mafuta. Mboga zile zilikaangwa kwa zhuyou, mafuta ya nguruwe, na mpishi hakunidanganya hata kidogo, maana nilimuuliza habari ya nyama naye akanijibu habari ya nyama. Ndipo nikajifunza pia kwamba Mchina akisema rou peke yake, "nyama" tu, kwa kawaida anamaanisha ya nguruwe. Ng'ombe na kondoo ndio wanaotajwa kwa majina yao, niurou na yangrou. Neno linaloonekana jepesi kuliko yote kwenye orodha ya msamiati lilikuwa limenidanganya wiki nne.

Baba sikumwambia. Nilikula mayai ya kuchemsha na mkate mpaka tumbo likachoka.

Yule msichana ndiye aliyenionyesha alama mbili za maandishi ambazo tangu siku hiyo macho yangu huziona hata basi likiwa mwendoni: qingzhen. Qing ni angavu, safi kama maji yaliyotulia. Zhen ni kweli. Zikikaa pamoja maana yake ni jambo la Kiislamu: mkahawa wa Waislamu ni wa qingzhen, na msikiti ni qingzhensi. Sisi Waswahili tulilichukua neno halali kutoka Kiarabu kama lilivyo. Wachina waliokwenda njia ya Uislamu walikaa wakatafuta katika lugha yao wenyewe maneno mawili ya kuubeba. Sijui nani alifanya vizuri zaidi. Ninachojua ni kwamba mtu asiyejua kusoma alama hizo mbili anaweza kulala njaa mbele ya mlango wa chakula chake.

Mlango wangu ulikuwa duka dogo la tambi, meza sita, karibu na mtaa wa Xiaobei. Juu yake paliandikwa tambi za Lanzhou, lakini wenyewe, kama wengi wenye maduka ya aina hiyo katika China nzima, walitoka Hualong, wilaya ya Wahui katika jimbo la Qinghai. Kijana mwenye kofia nyeupe hukamata donge la unga, hulivuta kwa mikono miwili, hulikunja, hulivuta tena, na kila mkunjo nyuzi huongezeka mara mbili mpaka donge limekuwa nywele. Kanuni ya bakuli lenyewe ina hesabu ya rangi: supu iwe angavu, figili iwe nyeupe, pilipili nyekundu, majani ya kijani, tambi za manjano. Vipande vya nyama ya ng'ombe huwekwa juu, vyembamba mno. Mkongo anayetaka nyama aongeze pesa. Nilikula bakuli la kwanza bila kusema neno, nikaagiza la pili.

Kwenye bango la duka lile palikuwa na herufi za Kichina peke yake, na pembeni yake alama hafifu ya mahali palipobanduliwa kitu. Mwaka 2019, kule Beijing, mikahawa ya qingzhen iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu kwenye mabango. Hapa sikuuliza kilichobanduliwa, na mwenye duka hakusema.

Kutoka kwenye tambi nikafika misikitini, ingawa najua utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Wa kwanza ulikuwa Huaisheng, katika barabara ya Guangta. Mnara wake ni wa mviringo, umepakwa chokaa, hauna pambo, una urefu wa mita 36 hivi. Zamani mto ulipokuwa karibu, taa yake iliongoza jahazi. Guangta yenyewe maana yake ni mnara wa nuru. Wenyeji husema ulijengwa na Sa'd ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, mwaka 627. Wanahistoria hawakubali tarehe hiyo, lakini inajulikana kwamba msikiti uliungua mwaka 1343 na ukajengwa tena mwaka 1350. Ndani, mapaa yamepinda ncha kama ya mahekalu ya Kichina, na mihrabu inatazama magharibi. Hilo lilinichanganya. Kwetu Lubumbashi Maka iko kaskazini. Pale nilisimama nikiangalia upande ambao kwetu jua huzama.

Siku ya Ijumaa watu wengi huenda Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, mahali penye kaburi linalosemwa kuwa la huyo huyo Sa'd. Watu hujaa mpaka nje chini ya miti: Wahui, Wauighur, Wapakistani, Wayemeni, Wasenegali. Nje ya lango huuzwa mikate bapa na mishikaki ya kondoo. Huko ndiko nilikosikia Kiswahili cha Dar es Salaam na cha Bukavu vikibishana bei ya kontena, na nikakaa karibu nao zaidi ya ilivyolazimu, nisikilize tu.

Nilimpigia baba nikamweleza habari ya kaburi. Kwa kuwa ni mwanafunzi, niliona wajibu kuongeza kwamba, kwa mujibu wa vitabu, Sa'd alifariki karibu na Madina na kuzikwa huko.

"Na ule mwenye amelala pale," baba akauliza, "ni nani?"

"Sijue, Baba."

"Basi umusalimie na yeye."

Sasa nije kwa mzee. Baba yake mwenye duka la tambi alikaa kila siku nyuma, karibu na mlango wa jiko, akimenya vitunguu saumu. Wateja waliomjua walimwita ahong, jina wanalowaita maimamu wao, linalotokana na Kiajemi. Nadhani aliwahi kufundisha watoto kwao. Jioni moja nilimwona akiandika kwenye daftari. Kalamu ilitoka kulia kwenda kushoto. Nikamwambia, kwa kujipendekeza, kwamba Kiarabu chake kizuri. Akacheka hadi kofia ikasogea.

"Si Kiarabu. Ni Kichina."

Lilikuwa daftari la madeni. Fulani amekula bakuli tatu, fulani amechukua unga. Aliyeandika hajawahi kukaa shuleni ajifunze maelfu ya alama za Kichina, lakini herufi za Kurani alizijua tangu utotoni, kwa hiyo alikiandika Kichina chake kwa herufi hizo, pamoja na irabu zote juu na chini. Huitwa xiaojing, na Wahui wa Gansu, Qinghai na Ningxia wameyatumia maandishi hayo kwa vizazi. Akanisomea maneno machache, na mengine sikuhitaji kufasiriwa. Imani kwao ni yimani. Dunia ni dunya. Dua ni duwa. Sadaka unayotoa msikitini huitwa nietie, na kumbe mzizi wake ni ule ule wa nia yetu. Kwetu neno lilibaki moyoni, kwao likashuka mpaka mfukoni. Lakini swala zao za kila siku wamezipa majina ya Kiajemi, na nilipomtajia alasiri na magharibi alitikisa kichwa kama niliyetaja majina ya vijiji asivyovijua.

Hapo nikakumbuka simu yangu ina nini ndani.

Babu yangu aliacha daftari. Baba huliita "ile kaye", nalo liko kwenye sanduku la bati pamoja na hati za nyumba. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baba, ambaye anasali kwa yale aliyoyahifadhi, hawezi kulisoma. Miaka iliyopita alilipeleka kwa imamu mmoja wa kwetu, kijana aliyesoma ng'ambo, akaligeuza kurasa mbili akalirudisha: "Hii haiko Kiarabu." Basi likabaki kitu cha kuheshimiwa. Mimi, nilipofikiria kazi ya mwisho wa masomo ya leseni, nilipiga picha kurasa kumi na mbili, nikijua vizuri kwamba ni Kiswahili, maana wazee wa Maniema waliandika hivyo kabla ya shule za mapadri. Kisha nikaogopa ugumu wake, nikachagua mada nyingine. Mwanafunzi wa kitivo cha lugha ambaye hawezi kusoma lugha yake mwenyewe kwa mkono wa babu yake: hilo sikumwambia mtu.

Mzee akafuta mikono, akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Lugha gani?"

"Yetu."

Hakuijua hata neno, lakini irabu zilikuwa pale, na yeye maisha yote alikuwa akisoma kwa irabu. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akatamka taratibu: "Dini."

Akaniangalia kwa furaha. Neno hilo kwao pia lipo. Mimi nikafikiri: kumbe ni kitabu cha dini, baba atafurahi. Akaendelea. "Dini ya ghu-ni-a bi-li ya mu-bu-gha." Baada yake likaja jina la mtu, ambalo sitaliandika hapa.

Nilimwomba arudie. Alirudia mara tatu, mvuke wa supu ukitupita, na mara ya tatu nikasikia. Maandishi yale ya zamani hayatenganishi e na i. P inaandikwa kama b. Mb na ng hupoteza sauti ya puani. Haikuwa dini. Deni. Deni ya gunia mbili ya mpunga. Nilisikia Kiswahili cha Kasongo kikitoka kinywani mwa mzee wa Hualong ambaye hakujua anasema nini, na kilikuwa cha mtu wa kwetu kabisa, hata "ya" badala ya "la".

Nilipomfasiria, uso wake ukabadilika. Aliliangalia daftari lake, kisha simu. Akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Amepiga mstari juu yake?" Yeye deni likilipwa hulipiga mstari. Tuliikuza picha mpaka ikawa madoa. Nilikuwa nimeipiga vibaya, kwa haraka, kivuli cha mkono wangu mwenyewe kimelala juu ya ukurasa.

Guangzhou iko mbele ya Lubumbashi kwa saa sita. Nilipompigia baba, kwangu ilikuwa saa nne usiku, kwake alasiri haijaisha. Nikamsomea mstari. Sikusikia kitu kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Siku ya maziko tuliuliza," akasema. "Tuliuliza mbele ya watu wote, nani anamudai. Hakuna mtu alisimama."

"Labda alikuwa amelipa, Baba."

"Ile jina, soma tena."

Nikamweleza kwamba jina linaweza kusomwa kwa njia nne, b au p, i au e, nikayatamka yote. Aliyarudia moja moja, polepole, kama mtu anayegonga milango ya mtaa aliohama zamani. Kwenye la tatu akanyamaza.

"Baba, fungua sanduku. Angalia kama kuko mstari juu yake. Ukurasa wa kwanza."

Nikasikia bati likikwaruza sakafu. Nikasikia akimwita dada yangu mdogo aje na macho yake, na dada akiuliza aangalie wapi, na mimi kutoka China nikimwelekeza: juu, kulia, sisi tunaanza kushoto lakini hii inaanza kulia.

"Hakuna mstari," dada akasema.

"Hakuna," baba akarudia. "Kesho asubuhi nitapigia watu wa Kasongo."

Kisha akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, tambi na nyama ya ng'ombe, na kwamba mchinjaji ni ndugu yake mwenye duka. Nikamwambia pia habari ya mafuta ya mwezi wa kwanza, kwa kuwa ilikuwa usiku wa kusema. Akasema hilo halikuwa kosa langu, niseme astaghafirullah nilale.

Kesho yake nilirudi dukani saa ya watu wachache. Mzee alikuwa ameliondoa beseni la vitunguu, na meza yake ilikuwa imefutwa. Kurasa kumi na moja zilikuwa bado.