Bugando Si Rufaa Peke Yake

Hapa Nyakisasa, ukitaja Bugando mbele ya akina mama, wa kwanza atauliza, "Nani anaumwa?" Hatumlaumu. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa na maana moja tu: karatasi ya rufaa, mgonjwa kafunikwa blanketi, ndugu wanachangishana nauli, na safari ndefu ya kupitia Nyakahura, Biharamulo na Geita hadi kivuko cha Busisi, ambako foleni ya magari ilitukalisha huku dripu inakwisha. Sisi wauguzi tuliwasindikiza wengi. Baadhi tulirudi nao wakicheka, wengine ndani ya jeneza.

Kwa hiyo binti mmoja wa kanisani kwetu alipomaliza kidato cha sita mwaka 2023, akasema anataka kusoma Bugando, mama yake alishika kichwa. Mama huyu ni mjane, na amemsomesha binti kwa mihogo na ndizi. Alitaka asome ualimu upesi, aanze kupata mshahara. Jioni moja tukaenda kukaa naye, wanawake wanne wa kikundi chetu, ili ajue anachokikataa ni kitu gani.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima. Ukisimama pale unaliona jiji la Mwanza na ziwa lake. Serikali iliichukua mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikaurudisha uendeshaji wake kwa maaskofu Wakatoliki. Chuo kilianza mwaka 2003 kama tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kile cha Nyegezi. Kwa muda kiliitwa Weill Bugando, kwa jina la wafadhili wa Marekani. Leo ni chuo kikuu kinachojitegemea, na watu hukiita CUHAS. Si kikubwa kama Mlimani kule Dar es Salaam, lakini wanafunzi wake wote wanasomea afya, na wodi ziko hapo hapo. Anayesomea udaktari hukaa miaka mitano, na baadaye huongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Tena si udaktari peke yake; kuna uuguzi, ufamasia, maabara na mionzi. Mtoto wa Mlutheri au Mwanglikana hupokelewa kama wa Mkatoliki.

Tulimweleza pia kwamba kwa udaktari wanataka Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja isipungue D. Hicho ni kiwango cha chini tu. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, na mwenye D tatu asilale akingoja kuitwa. Binti wetu alitamani udaktari, akapata maabara.

"Sawa, Nesi," akasema mama yule, "na ada nitaitoa wapi?"

Tukamwambia kuna Bodi ya Mikopo, na kwamba hata wa vyuo visivyo vya serikali hukopeshwa: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo ya vitendo. Si kila mtu hupewa vyote. Wanapima uwezo wa familia. Na ni deni, si zawadi. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize, ingawa ile tozo ya kutunza thamani ya mkopo iliyowatesa wengi iliondolewa mwaka 2021. Mama akatulia. Tukadhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia. Binti hakuwa na hata kimoja. Baba alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Tangazo la kizazi tulilompa mama siku ile ya kujifungua lilipatikana baada ya kupekua nyumba nzima, limekunjwa ndani ya kitenge. Jina lililoandikwa humo lilikuwa la bibi yake mzaa baba. Shuleni alisoma kwa jina la ubatizo.

Hapa tuseme wazi kosa letu. Miaka yote tuliwapa akina mama karatasi ile na kusema, "Tunza hii," tukageukia mzazi mwingine. Hatukuwaambia ya nini. Wengine wamefungia chumvi.

Mama na binti walihangaika Ngara mjini, barua ya mwenyekiti wa kijiji, kiapo cha jina, mashahidi wa kifo, njoo kesho, njoo Jumatatu. Dirisha la maombi likafungwa kabla cheti cha kifo hakijatoka. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima akipalilia mihogo na wenzake wapo darasani. Alikonda. Mama yake alituambia usiku alikuwa anamsikia akilia, naye anajifanya amelala. Mwaka 2024 aliomba tena, karatasi zote zikiwa tayari, akapata mkopo usiotosha ada yote. Kilichopungua kikundi chetu kinachanga kila muhula, na hatudanganyi, kuna miezi tunachanga kwa kununa.

Sasa yuko mwaka wa pili. Tangu Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilometa 3, limefunguliwa. Mama yake amelivuka mara moja na mfuko wa maharage, na anasema alifumba macho njia yote.

Katika safari hiyo mmoja wetu, mwenye stashahada ya uuguzi na miaka arobaini na ushei, aliuliza kama naye anaweza kuomba shahada. Akaambiwa anaweza, kama wastani wa stashahada yake ni 3.0 au zaidi. Mumewe ameuliza nani atapika. Mazungumzo yanaendelea.

Siku za kliniki tumeanza kumwuliza kila mama karatasi ile iko wapi, na jina lililomo ndilo atakalosomea mtoto? Wiki iliyopita mmoja alijibu kwamba iko kwa mama mkwe, Rulenge. Tumemwambia akaichukue kabla ya mvua.