Tanzia: CBGB wa Mtaa wa Bowery

Ndugu, jamaa na wapenzi wa roki ya panki popote walipo wanatangaziwa kifo cha CBGB, klabu iliyokuwa nyumba namba 315, mtaa wa Bowery, jijini New York. Marehemu alizaliwa Desemba 1973, akakata roho usiku wa Oktoba 15, 2006, akiwa na umri wa miaka 32. Tunajua tanzia haicheleweshwi hivi. Tunaitoa sasa kwa sababu waliokuwepo wanazidi kupungua, huku wanaodai walikuwepo wakizidi kuongezeka.

Wasifu wake ni mfupi. Aliyemzaa ni Hilly Kristal, mtu aliyekulia shambani New Jersey, akaimba kwaya katika ukumbi wa Radio City Music Hall na kusimamia klabu ya jazi ya Village Vanguard kabla ya kuamua kuwa na baa yake mwenyewe. Jina la marehemu lilitokana na herufi za mwanzo za muziki aliokusudiwa kuupiga: kantri, bluegrass na bluzi. Muziki huo haukujaza viti. Bowery ya wakati ule ilikuwa mtaa wa walevi na watu wasio na makao, na ghorofani juu ya klabu kulikuwa na Palace Hotel, ambayo licha ya jina lake la kifalme ilikuwa gesti ya watu walioshindwa na maisha. Mtu wa mjini mwenye akili zake hakushuka Bowery usiku kusikiliza nyimbo za wachunga ng'ombe.

Wanasimulia kwamba Kristal alikuwa juu ya ngazi akihangaika na turubai la mlangoni pale vijana wa bendi ya Television walipopita na kumwuliza kama wanaweza kupiga hapo. Akawapa Jumapili, siku isiyo na wateja. Hiyo ilikuwa mwaka 1974. Agosti 16 ya mwaka huohuo wakapanda jukwaani vijana wanne kutoka Forest Hills, Queens, waliojiita The Ramones. Nyimbo zao zilikuwa fupi kiasi kwamba msikilizaji akigeuka kuagiza bia, mbili zimempita. Kati ya wimbo na wimbo waligombana, mbele ya watu, kuhusu wimbo gani unafuata. Kristal, kwa simulizi ya wengi na yake mwenyewe, aliwaambia hakuna atakayewapenda, kisha akawapa siku nyingine.

Hapo ndipo ulipo ubora wa marehemu, nao husahaulika kila anapoombolezwa. CBGB hakuwa na sikio la ajabu lililotambua vipaji. Baba yake hakuwa nabii wa panki. Alikuwa mtu mvumilivu mwenye chumba kirefu chembamba, mbwa aliyejisaidia sakafuni, vyoo vilivyotisha dunia nzima, na masharti mawili tu: bendi ibebe vyombo vyake yenyewe, na ipige nyimbo zake yenyewe. Bendi za kopi hazikuruhusiwa. Katika jiji ambalo baa nyingi zilitaka wapigaji wa nyimbo zinazojulikana ili mteja aimbe huku anakunywa, sharti la pili lilikuwa ufunguo. Kijana asiyejua gitaa vizuri hawezi kukopi wimbo wa bendi kubwa. Lakini wake mwenyewe, wenye nota tatu, anauweza. Patti Smith akaja na mashairi yake, Blondie wakaja, mwaka 1975 wakaja Talking Heads wakiwatangulia Ramones jukwaani. Kwa muda mrefu wasikilizaji walikuwa ni bendi zenyewe: hawa wakishuka, wanakwenda kaunta kuwatazama wenzao wakipanda.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya kodi. Katikati ya miaka ya 70 jiji la New York lilikuwa hoi. Mwaka 1975 lilinusurika chupuchupu kufilisika. Majengo yalikuwa matupu, vyumba vya kupanga vilikuwa rahisi, na msanii aliweza kuishi umbali wa kutembea kutoka ukumbini, akiwa na gitaa begani na bila kazi ya maana. Mwenye klabu naye angeweza kuvumilia usiku wa watu kumi na wawili bila kufunga mwisho wa mwezi. Watu husema panki ilizaliwa kwa hasira. Hasira zilikuwepo, ila zilipata pa kukaa kwa bei nafuu.

Kumbukumbu za mashabiki kuhusu miaka hiyo ni za kutamanisha, lakini kama ushahidi zina matatizo. Chumba kilikuwa cha watu mia chache. Ukiwahesabu wote wanaoapa kwamba walimwona Joey Ramone usiku wa kwanza, ameshikilia mlingoti wa maikrofoni kama mtu anayeogopa upepo, ungehitaji uwanja wa mpira. Ndiyo maana filamu zina thamani, na ya kwanza kutajwa ni The Blank Generation ya mwaka 1976, iliyopigwa na Amos Poe na Ivan Král. Král mwenyewe alikuwa mpiga gitaa wa Patti Smith. Walitumia kamera ya milimita 16, picha nyeusi na nyeupe, bila kurekodi sauti. Muziki uliwekwa baadaye kutoka kwenye kanda, hivyo picha na sauti haviendi pamoja. Fimbo za mpiga drams zinashuka na mshindo unakuja baadaye, au hauji kabisa. Mwimbaji amefunga mdomo, sauti yake inaendelea.

Mtazamaji mgeni hudhani filamu imeharibika. Aliyekuwepo haoni shida, maana kumbukumbu yake nayo iko hivyohivyo: sura ya usiku mmoja, wimbo wa usiku mwingine, na kati yake moshi wa sigara. Mwaka 2013 ilitoka filamu ya maigizo yenye jina la klabu, Alan Rickman akiigiza kama Kristal, ukumbi ukiwa umejengwa upya huko Savannah, jimbo la Georgia. Humo sauti inafuata midomo barabara. Mashabiki wa zamani walitoka wakihesabu makosa: bendi hii haikuwa hapo mwaka ule, ukuta ule haukuwa na stika ile. Filamu isiyo na sauti yake waliisamehe, hii hawakuisamehe, nami nadhani walihukumu sawa. Ile ya kwanza ilipigwa na wenyeji waliokuwa wakijaribu kama bendi zilivyokuwa zikijaribu. Ya pili ilipigwa na watu waliokwisha kujua nani atakuwa maarufu.

Wapo waliomfahamu marehemu kwa filamu tu, bila kukanyaga New York. Kwa hao mlango ulikuwa Rock 'n' Roll High School ya mwaka 1979. Mtayarishaji wake mkuu, Roger Corman, alikuwa na nia ya filamu ya disko, kwa kuwa disko ndiyo iliyokuwa ikiuza. Mwongozaji Allan Arkush akamshawishi ageukie roki, na waliopatikana ni Ramones. Hadithi yenyewe ni ya mwanafunzi, anayeigizwa na P.J. Soles, aliyewatungia Ramones wimbo na anataka kuwafikishia mkononi, huku mkuu wa shule akipambana na muziki wao. Mwishoni shule inalipuliwa, na ililipuliwa kweli, kwa sababu walipata jengo la shule iliyokuwa imefungwa Los Angeles. Ramones si waigizaji. Maneno machache waliyopewa wanayatamka kama watu wanaosoma bango la barabarani. Lakini filamu ilidumu kwa miaka katika maonyesho ya saa sita usiku, na vijana wa miji midogo ya Marekani waliokuwa hawasikii bendi hiyo redioni waliiona hapo mara ya kwanza, ikishuka garini na magitaa, ikiimba.

Watoto wa marehemu walitawanyika mapema. Albamu ya kwanza ya Ramones, nyimbo 14 zisizofika nusu saa, ilirekodiwa mwaka 1976 kwa takriban dola 6,400. Julai 4 ya mwaka huo, siku Marekani ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, wao walikuwa Roundhouse, London, wakipiga mbele ya vijana wengi ambao nao wangeanzisha bendi. Huko London, Don Letts, kijana wa wazazi kutoka Jamaika aliyekuwa DJ wa klabu ya Roxy, alipiga rege katikati ya bendi kwa kuwa sahani za santuri za panki zilikuwa bado chache. Alikuwa na kamera ndogo ya Super 8, na alichopiga kikawa The Punk Rock Movie. Tabia ya marehemu ikawa imevuka bahari: usiyejua kamera, shika kamera.

Ugonjwa uliomwua marehemu ulianza pale mtaa ulipopona. Bowery ikasafishwa, vyumba vikapanda bei, na majengo yakajengwa mahali palipokuwa na gesti. Mwenye mkataba wa jengo alikuwa Bowery Residents' Committee, shirika linalohudumia watu wasio na makao. Mwaka 2005 likamdai Kristal kiasi cha dola 91,000 za nyongeza za kodi zilizolimbikizwa. Mahakama ikampa haki Kristal kuhusu deni, lakini mkataba ulikuwa unaisha, na kodi mpya ingekaribia mara mbili ya ile ya zamani. Wasanii waliandamana na kutumbuiza kumchangia, naye akaongezewa kama mwaka mmoja. Shabiki aliyetaka mtu wa kumlaani hakumpata kirahisi, maana upande wa pili walikuwa watu wanaotafuta kitanda cha mlala barabarani. Tuseme ukweli: mtaa uliomlea marehemu ulikuwa umaskini wa watu wengine.

Usiku wa mwisho alipiga Patti Smith. Alipomaliza alisoma majina ya wanamuziki waliotangulia. Joey Ramone alikuwa amefariki mwaka 2001, wenzake Dee Dee 2002 na Johnny 2004. Ukumbi walioanzia uliishi kuliko wote watatu. Kristal alifuata Agosti 2007 kwa saratani ya mapafu. Tommy, wa mwisho kati ya Ramones wanne wa kwanza, aliondoka mwaka 2014, Tom Verlaine wa Television mwaka 2023, na Clem Burke, mpiga drams wa Blondie, mwaka 2025.

Mirathi imegawanywa vibaya. Ukumbi ulifunguliwa tena mwaka 2008 kama duka la nguo za bei mbaya la John Varvatos, sehemu ya ukuta wenye stika ikiachwa kwa ajili ya wateja. Turubai la mlangoni lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho ya roki mjini Cleveland. Mwaka 2013 Metropolitan Museum ilijenga upya vyoo vya marehemu, safi, ndani ya maonyesho ya mitindo. Fulana zake zimeuzwa duniani kote, nyingi zikivaliwa na watu wasiojua hata wimbo mmoja. Kibao cha Joey Ramone Place, kilichowekwa mwaka 2003 kwenye kona ya Bowery na East 2nd Street, kimeibwa mara nyingi hadi jiji likakipandisha juu zaidi ya mkono wa mtu kufika. Kati ya wote waliojitwalia urithi, wezi hao ndio wenye ukaribu zaidi na marehemu.

Sisi hatumwombolezi kwa vitu hivyo. Nyimbo zipo, filamu zipo, na mwenye simu anazipata usiku wowote. Kilichokufa ni utaratibu: chumba cha kodi ndogo katikati ya jiji kubwa, ambamo bendi mbaya iliruhusiwa kuwa mbaya wiki baada ya wiki, mbele ya watu, mpaka ikawa nzuri. Leo kijana hujifunzia chumbani kwake na kutoka akiwa tayari, kwa kuwa hana pa kukosea kwa bei anayoiweza. Kwa hiyo tanzia hii inatambua mrithi mmoja tu halali, naye anaweza kuwa mwenye baa yoyote, katika mji wowote: yule anayewasikiliza vijana wanne wakigombana jukwaani, anatikisa kichwa, anawaambia hajapenda hata kidogo, kisha anawauliza kama Jumapili ijayo wana nafasi.