Sarafu ya babu niliyoiharibu kwa majivu

Babu alituachia sarafu moja ya faranga 2, ya mwaka 1943. Ina pembe sita na picha ya tembo. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, maana Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Karo ya mtoto ilipokaribia, niliamua kuiuza. Ili ing'ae, niliisugua kwa majivu na ndimu.

Mnunuzi mmoja hapa Bukavu aliishika kwenye kingo tu, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Ndugu yangu, sikio la tembo halijalika, lakini umeisugua." Akanionyesha mikwaruzo midogo iliyojaa kote. Mng'ao wa kiwandani huzunguka sarafu inapogeuzwa. Wangu ulikuwa umekufa. Alisema zile za wakusanyaji, zinazogongwa zaidi ya mara moja hadi uso uwe kama kioo, huharibika hata kwa alama ya kidole.

Alinipa bei ya shaba tu. Nilikataa, nikarudi nayo nyumbani; karo nikakopa.

Wasomaji, mkikuta sarafu ya zamani kwenye sanduku la wazee, iacheni na weusi wake. Weusi ule ni umri, si uchafu.