Sukari ya Gunia Lililopasuka

Katika nchi yetu ya Rungwe, mtu anunuapo ndizi sokoni huitazamia nyongeza. Mama muuzaji huweka mbili juu ya fungu, naye mnunuzi husema, "Ndaga fijo," akaenda zake kwa furaha. Desturi hii ni njema, wala hatuna neno juu yake. Ndizi zile ni za mama yule. Amezilima, amezibeba kichwani, na sasa azitoa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote. Lakini iko nyongeza ya namna nyingine, nayo ndiyo tutakayoisimulia leo, kwa kuwa sisi wenyewe tumeila.

Kijana mmoja tuliyemfundisha hesabu alipata kazi katika duka la vyakula pale Tukuyu. Mwisho wa mwezi tulikwenda kununua chumvi, sabuni na kilo moja ya sukari. Tulipokwisha kulipa, akatutilia kikapuni kifurushi cha karatasi ya kaki, akasema kwa sauti ya chini, "Chukua, Mwalimu. Gunia lilipasuka." Tulifurahi sana. Tulijiambia kwamba huu ndio uzuri wa kufundisha: mtoto hamsahau mwalimu wake. Nyumbani chai ilikuwa tamu kwa siku nyingi. Mwezi wa pili gunia likapasuka tena, na mwezi wa tatu vivyo hivyo. Hatukuuliza kwa nini magunia ya duka lile yalikuwa dhaifu hivyo.

Siku moja mvua ya Tukuyu ilituzuia barazani pa duka. Lori lilikuwa limefika kutoka Mbeya, likishushwa mizigo. Tukamwona utingo amelitwaa gunia la sukari begani. Alipofika kwenye ukingo wa saruji hakulitua, bali alilipigiza kwa pembe yake, likafunguka. Dereva akacheka, kijana wetu akaleta beseni. Kisha akatutazama na kutabasamu, kana kwamba atuambia, "Na fungu lako limo."

Wiki ile mwenye duka alihesabu mali yake, akaona hasara. Naye akamfukuza mchukuzi, mzee wa watoto watano, akisema kwamba mikono yake haina uangalifu. Mzee yule hakuwahi kuonja hata kijiko kimoja cha sukari ile.

Twakiri kwamba tulinyamaza siku mbili. Siku ya tatu tulimwendea kijana, tukamwonya kwa maneno mengi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akasema, "Mwalimu, mshahara wangu haufiki tarehe ishirini. Dereva hupewa soda na mkate kila dukani. Mimi nasimama tangu asubuhi hata usiku, nani anipaye? Nawe pia ulikula, wala hukuniuliza." Hatukuwa na jibu. Tukatoa fedha, bei ya sukari yote tuliyoichukua, tukamwambia, "Twende wote wawili."

Mwenye duka alikasirika, kisha akanyamaza. Mzee akarudishwa kazini siku ile ile. Kijana akaachishwa.

Baadaye tulisoma habari za mafundi waliounda merikebu za Serikali ya Uingereza zamani. Walikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani na vipande vya mbao visivyofaa kazi, wapate kuni. Basi taratibu mbao nzuri nazo zikaanza kukatwakatwa ziwe vipande. Mwaka 1801 Serikali iliikomesha desturi hiyo, ikawapa fedha badala yake. Tuliposoma hayo tulilikumbuka gunia letu. Kilichoharibika kikiwa ni fungu la mtumishi, vitu huharibika sana. Na mtu hawi mwivi siku moja, bali mkono wake huzoea kidogo kidogo.

Wengine watasema kwamba twafanya jambo dogo kuwa kubwa, maana mkono mtupu haulambwi. Sisi hatusemi kwamba dereva asipewe kitu. Yeye atokaye Uyole katika ukungu na mvua, akipewa chai ya moto na mkate, ni utu. Lakini mwenye duka akimpa soda ile ili amwachie katoni moja isiyoandikwa, soda imegeuka jina. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa Serikali peke yao. Yamhusu pia mtumishi wa mtu binafsi apokeaye faida ili aipotoshe kazi ya mwajiri wake.

Tena tuangalie ni nani alipaye. Dereva wa lori la ndizi akidai mkungu mmoja juu ya nauli, mchuuzi hatautoa mfukoni mwake. Ataupunguza katika bei ampayo mkulima. Ndivyo ilivyo lumbesa ya viazi, gunia lishonewalo kilemba juu ya mdomo wake: mnunuzi huiita nyongeza, lakini mkulima hakuitoa kwa hiari, na sheria ya vipimo imeikataza. Kila kitu cha bure kina mtu aliyekilipia, na mara nyingi ni yule asiyekuwapo kinapogawanywa.

Mwenye duka yule naye alijifunza. Sasa gunia likipasuka, sukari hupimwa mbele ya wote na kuandikwa daftarini. Na kila mwisho wa mwezi huwapa watumishi wake, mchukuzi pamoja nao, kilo moja moja ya sukari, mchana, kwa mkono wake mwenyewe. Twaambiwa kwamba magunia yake yamepata nguvu.

Kijana wetu sasa hupakia ndizi Kiwira. Tukikutana hutuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa heshima yote, lakini hasimami tukazungumza kama zamani. Hilo latuuma. Mara nyingi twafikiri kwamba kama siku ile ya kwanza tungalimwuliza neno moja tu, "Sukari hii ni ya nani?" labda hata leo angalikuwa nyuma ya meza ile, akipima kilo zake sawasawa. Tulimfundisha kujumlisha na kutoa. Swali hilo hatukumfundisha, kwa sababu kifurushi kilikuwa kimekwisha kuingia kikapuni mwetu.

Basi, ndugu msomaji, ukipewa kitu dukani au kutoka katika lori, pokea kwa shukrani kama ni cha huyo akupaye. Lakini uulize kwanza. Kuuliza si kumdharau mpaji. Huenda ndiko kumponya.