Mchezaji Hodari Apumzishwe Lini?

Mimi ni mwalimu, na jioni huwafundisha wasichana mpira wa kikapu. Siku moja tulikuwa tumewapita wageni kwa vikapu vingi mno, hata watazamaji wakaanza kurudi makwao. Hata hivyo sikumwondoa mchezaji wetu hodari, kwa kuwa nilipenda kusikia akishangiliwa. Kando yangu aliketi msichana ambaye hakukosa mazoezi mwaka mzima. Filimbi ya mwisho ilipolia, alikunja fulana yake isiyo na tone la jasho, akaenda zake kimya.

Nilimkumbuka niliposoma habari za vyuo vikuu vya Marekani, ambako mchezo wa wanawake huchukua dakika 40. Tarehe 5 Desemba 2021, chuo kikuu cha Connecticut kilikishinda kile cha Notre Dame kwa pointi 73 kwa 54. Ikiwa imesalia chini ya dakika moja, nyota wao, Paige Bueckers, aliyekuwa angali uwanjani, aliumia goti. Hakucheza tena hadi mwishoni mwa Februari 2022.

Wako wasemao kwamba watazamaji huja kumwona nyota, na kwamba azoeaye kupumzishwa hulegea. Maneno hayo yana ukweli. Lakini ushindi ukishapatikana, dakika zilizobaki ni za nani? Kwa nyota ni hatari. Kwa aliyeketi benchini ni shule.

Mchezo uliofuata nilimwita yule msichana mapema. Alikosa mara mbili, akafunga mara ya tatu, nami nikaona deni langu limepungua.