Mechi Moja ya John Nagenda

Wengi wetu tunaofuatilia siasa za Afrika Mashariki tunamkumbuka John Nagenda kwa kalamu yake. Alikuwa mwandishi wa riwaya, mwandishi wa safu kali gazetini, na mshauri mwandamizi wa Rais Museveni. Alipofariki Machi 2023, ni wachache waliokumbuka kwamba tarehe 7 Juni 1975, akiwa na umri wa miaka 37, alirusha mpira katika uwanja wa Edgbaston, Birmingham, siku ya kwanza ya Kombe la kwanza la Dunia la kriketi la wanaume. Jezi aliyovaa haikuwa ya Uganda. Ilikuwa ya Afrika Mashariki.

Kikosi kile kilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. New Zealand walipata mikimbio 309, sisi 128. Nagenda aliangusha wiketi moja kwa mikimbio 50. Zilifuata mechi dhidi ya India na Uingereza, bila yeye, nazo tukashindwa. Maisha yake katika Kombe la Dunia yalianza na kwisha siku hiyo hiyo.

Naandika haya nikiwa nyumbani Same. Mwaka ule, stesheni yetu ilikuwa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na jina lile lile lililokuwa kwenye mabehewa ndilo lililokuwa kwenye jezi ya Nagenda. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Timu ilibaki na jina lake, lakini haikufuzu Kombe la Dunia la 1979.

Katika kikosi hicho cha 1975 alikuwamo pia Don Pringle wa Kenya. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alicheza mechi 30 za Test, yaani zile za siku tano zenye hadhi ya juu kabisa; alizicheza kwa ajili ya Uingereza. Kipaji kilizaliwa kwetu, ngazi ya kukipandisha ikawa kwao. Hadi leo hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyopewa hadhi ya kucheza Test, hata Kenya iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003.

Nagenda alikuwa na elimu na kalamu, hivyo uwanja ulipomfungia mlango alikuwa na pengine pa kwenda. Si wote wenye bahati hiyo. Nilisoma na kijana mmoja aliyekimbia mara moja tu ugenini akiwa amevaa rangi za taifa. Aliporudi hakuitwa tena, wala hakuambiwa sababu. Leo analima tangawizi Mamba Miamba, na watoto wanaopanda mlima mbio kila asubuhi kwenda shule hupita mbele ya shamba lake bila kujua yeye ni nani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa si kupigiwa makofi uwanja wa ndege. Kwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii, ombi langu ni dogo: kila halmashauri iwe na orodha ya watu wake waliowahi kuvaa jezi ya taifa, na iwalipe posho wafundishe katika shule zetu. Mtu aliyecheza mechi moja anaijua njia ya kufika huko. Sisi tumemwacha akae nayo peke yake.