Vumbi la Ghala

Msomaji mpenzi, ugali ulioula jana ulipitia ghalani, na pengine hukuuliza ni kifua cha nani kilichovuta vumbi lake. Mimi nalijua ghala moja, kwa kuwa baba yangu alifanya kazi humo miaka mingi, katika shamba moja la Trans Nzoia. Kazi yake ilikuwa kupepeta mahindi na kuyatia magunia.

Kila jioni alirudi na nyusi nyeupe kama mzee kabla ya uzee. Usiku alikohoa, na pumzi zake zililia kama filimbi. Lakini Jumapili alipata nafuu, na siku za Krismasi alilala hata asubuhi. Sisi tulidhani ni baridi. Hatukutambua kuwa kifua kilikuwa kikitoa ushahidi, maana pumu iletwayo na kazi aghalabu hupungua mtu awapo mbali na kazi, na hurudi arudipo. Vumbi la nafaka huchukua kuvu na mabaki ya wadudu. Miili ya watu wengine huyakataa, na njia za pumzi huvimba zikawa nyembamba. Wala si jambo geni: mwaka 1700 tabibu Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika habari za wapepeta nafaka waliosumbuliwa na kifua.

Siku moja nilimsihi baba aombe barakoa. Akajibu, "Mwanangu, nyapara atasema nimechoka na kazi. Karo yako italipwa na nani?" Nikanyamaza. Nilisoma kwa pumzi za baba yangu.

Mwaka 2007, nilipokuwa kidato cha pili, Kenya ilipata Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hiyo humlazimu mwajiri kuwakinga wafanyakazi na vumbi lenye madhara, na kuwapa vifaa vya kujihifadhi. Sheria nyingine ya mwaka huo huo humpa haki ya fidia mtu aliyeugua kwa sababu ya kazi yake. Nilikuja kuyajua hayo chuoni, baba alipokuwa amekwisha kuacha kazi, hawezi kupanda hata kilima cha kwetu. Ghalani hakuna aliyemwambia. Kile alichoogopa kukiomba kama hisani kilikuwa haki yake.

Msomaji, kesho utakuwa mwajiri au mwajiriwa. Ukiwa mwajiri, usingoje kuombwa. Ukiwa mwajiriwa, ijue sheria ikulindayo. Na leo, ungali mtoto wa mtu, sikiliza kikohozi cha nyumbani kwenu, uulize hupungua siku gani.